Meza Iliyokolea Chumvi

Hasina binti Shamte alizaliwa shambani, akalelewa chini ya meza. Mama yake, Bi Mwanahija, alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la minazi kisiwani, nje kidogo ya Ndagoni, na katika jiko la nyumba ile kulikuwa na meza ya saruji iliyojengewa ukutani, ndefu kutoka mlangoni mpaka dirishani, pana kiasi cha kumlaza papa mzima. Hasina aliwekwa chini yake akiwa na miezi sita, juu ya kipande cha mkeka, penye kivuli na ubaridi. Huko ndiko alikojifunza kukaa, kutambaa na kunyamaza. Kunyamaza kulihitajika kuliko vyote, maana mke wa meneja hakupenda kusikia sauti ya mtoto jikoni. Kutoka pale chini aliwajua watu kwa miguu yao: miguu ya mama yake isiyotulia, viatu vya mke wa meneja vilivyosimama mlangoni bila kuingia, na mara moja moja nyayo za baba yake, mkwezi, zilizopasuka kwa minazi, zikija kuomba maji ya kunywa.

Kuhusu meza yenyewe Bi Mwanahija alipewa amri moja siku ya kwanza ya kazi: kila jioni isuguliwe kwa mchanga na ndimu mpaka ing'ae. Akaisugua miaka kumi na tisa. Ndimu nayo haina mchezo na saruji. Iliitafuna kidogo kidogo, na Uhuru ulipokuja, na miaka michache baadaye meneja akafunga masanduku yake na kuondoka, meza ilikuwa na vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

"Meza ile nimeila mimi," Bi Mwanahija alizoea kusema. "Yule mama akidhani naisafisha, kumbe namlia."

Alicheka kila aliposema hivyo. Lakini Hasina alijua jambo jingine ambalo mama yake hakulicheka. Katika miaka yote kumi na tisa, Bi Mwanahija hakuwahi kuiegemea meza ile hata kwa kiwiko. Alikula amechuchumaa kizingitini, sahani mkononi.

Nyumba ilibaki tupu, ikawa ya popo. Hasina akakua, akaolewa na Kombo, mvuvi wa jarife, ule wavu wa kunasia papa, akazaa naye watoto watatu, kisha akaachwa kimyakimya, yaani mume alikwenda kuvua Songosongo, akaoa huko, na hakurudi kueleza. Hasina hakukaa kulia sana. Alichukua kikaango cha mama yake, akasaga mchele, akakuna nazi, akaanza kupika vitumbua karibu na pwani wanapotua wavuvi. Vitumbua vyake vilikuwa vyepesi, vyenye iliki, vya kahawia pembeni na vyeupe katikati, na watu wa dago, wale wavuvi wa kutoka Kilwa na Rufiji waliopiga kambi kwa msimu, walisema kwao hawajavionja vya namna ile. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa mvua. Banda lake la makuti lilikuwa na matundu kuliko makuti. Ikinyesha, moto unazimika, unga uliokwisha kuumuka unashuka, na kazi ya tangu alfajiri inamwagiwa kuku.

Mwaka wa sabini na nne watu wa vitongoji walihamishwa na kusogezwa pamoja, na kijiji kipya kikajengwa kuzunguka shamba lile lile. Nyumba ya meneja ikawa mali ya kijiji. Popo walifukuzwa kwa moshi. Vyumba vya mbele vilifanywa ofisi na darasa la watu wazima, na hapo lilibaki jiko, lenye bomba la moshi la mawe, madirisha mawili makubwa na paa la bati lisilovuja. Kina mama kumi na wanne waliomba wapewe jiko hilo wafungue mgahawa wa kijiji. Hasina ndiye aliyesimama mkutanoni kuwasemea, na wanaomjua walisema hawakuwahi kumwona akisimama mbele ya watu isipokuwa penye ngoma.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mkadam, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, mpole, mwenye mzaha. Hakuwa adui wa mtu. Lakini alitaka jiko liwe stoo ya mbata, nazi zilizokaushwa za kuuza, na sababu alikuwa nayo, kwa kuwa mbata za kijiji zilikuwa zikiota ukungu katika nyumba za watu. Mkutano ulibishana asubuhi nzima, hata ikaamuliwa kwamba Bwana Afya aje alitazame jiko. Akisema linafaa kwa chakula, wapewe kina mama. Akisema halifai, iingie mbata.

Bwana Afya alikuwa kijana aitwaye Abeid, mwembamba, aliyefika kwa baiskeli akiwa na mfuko wa makaratasi yake mgongoni. Alisifu bomba la moshi, akasifu madirisha. Kisha akamwaga kikombe cha maji juu ya meza. Maji yakaingia kwenye vishimo, yakazama kama yamemwagwa mchangani, na kutoka kwenye ufa mmoja mende akachungulia kutazama nani amebisha hodi.

"Ndugu zangu, meza inayokunywa maji inakunywa na mchuzi," Abeid alisema. "Siwezi kuipitisha. Nitarudi mwezi wa nane, katikati. Nikimwaga maji yakazama tena, msinilaumu."

Hiyo ilikuwa siku ya tano ya mwezi wa sita.

Dawa ya meza kila mtu aliijua, nayo ni saruji. Mfuko mmoja ungetosha. Lakini saruji miaka ile ilikuwa kama mvua ya kiangazi, watu huisikia imenyesha kwa wenzao. Iliyoletwa kisiwani ilikwenda zahanati, na shule ilikuwa kwenye foleni kwa mwaka wa pili. Bimkubwa, shoga yake Hasina na mshirika wake wa kukuna nazi, alishauri waitandike meza mbao. Mbao nazo hazikuwapo. Mwingine akasema waitandike kitambaa cha plastiki, na Bi Mwanahija akauliza kama na mende nao watashonewa shuka.

Hasina alisema neno lililowashangaza. Alisema wataipiga niru.

Niru ni lipu ya chokaa laini, ile iliyopakwa zamani kwenye kuta za misikiti na majumba ya mawe, ngumu na yenye kung'aa. Hasina hakuwahi kuipaka. Ila alipokuwa msichana alifika kisiwa cha Juani kwa mazishi, akapitishwa Kua, kwenye magofu ya mji wa kale, na ndani ya nyumba moja isiyo na paa aliuona ukuta wenye shubaka, umekaa kwenye mvua kwa miaka asiyoweza kuihesabu, na alipoupapasa ulikuwa laini kama shavu. Tangu siku ile jambo hilo liliketi akilini mwake: kitu kinachokaa mvuani na kisinywe maji.

Mtu pekee kijijini aliyeijua kazi hiyo alikuwa Mabruki, mwashi mzee, ndugu wa mama yake kwa baba. Hasina alimwendea na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vya sadaka hivi au vya rushwa?"

"Vya rushwa."

"Basi weka karibu."

Mabruki alikula vitatu kabla ya kukataa. Alieleza kuwa niru aliipiga akiwa kijana chini ya baba yake, kwamba tangu saruji ije hakuna aliyemwomba, kwamba magoti yake yamekufa, na kwamba meza si ukuta, meza hupigwa chungu na kisu na pawa. Ilihitaji kwanza sakafu, yaani chokaa nzito iliyochanganywa na kokoto ndogo na vigae vya vyungu vilivyotwangwa, ishindiliwe kwa virungu vya mbao siku tatu mfululizo, mkono usipumzike, ndipo niru ije juu. Alikula cha nne. Akasema pia kwamba kazi ile ya kushindilia zamani ilikuwa ya wanawake, na wakiimba. Hapo akatega sikio, kama mtu aliyesikia kitu cha mbali, kisha akasema atakuja kukaa tu kwenye kiti na kuelekeza, mikono yake isitarajiwe.

Kazi ilianza kwa furaha. Mawe ya bahari yaliyokufa yaliokotwa ufukweni, yakapangwa juu ya magogo ya minazi iliyoanguka, tanuu likachomwa mchana kutwa. Chokaa ilipopoa waliigawa mafungu mawili: moja la kutumia, jingine wakalifungia kwenye madebe yenye vifuniko lisipate unyevu, maana Mabruki alisema fundi mwenye akili hatumii chokaa yote kwa siku moja. Vigae vilipatikana bila shida, kwani hakuna nyumba isiyo na chungu kilichovunjika nyuma yake. Walivitwanga vinuni mpaka vikawa unga mwekundu, na kijiji kizima kikachekea jambo hilo, kwamba kina mama sasa wanatwanga vyungu badala ya kupikia.

Siku ya kuinywesha chokaa maji waliichagua kwa urahisi wao. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji yametoka mbali, na wanawake wote kumi na wanne walikuwa miambani tangu asubuhi kutafuta pweza. Waliporudi, wakiwa wote pamoja, walipitia kisima cha karibu na pwani, wakajaza ndoo, wakaja nazo kwenye shimo la chokaa walilochimba uani. Chokaa ikapiga kelele, ikatoa mvuke, ikapasuka na kulainika. Bimkubwa alisema inachemka kama uji wa mkwe aliyekasirika.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa kijiji kile alilijua. Kisima kile cha pwani hubadilika na mwezi. Bahari ikifa, siku za kujaa na kupwa kidogo, maji yake ni matamu. Bahari ikijaa kwa bamvua, chumvi huingia chini kwa chini, na chai iliyopikwa kwa maji hayo huacha ladha nyuma ya ulimi. Siku hizo watu hutembea mpaka kisima cha juu, cha mkorosho, kwa maji ya kunywa. Mize, mdogo kuliko wote katika kundi lile, alikumbuka na kuuliza kama yale maji yanafaa. Mabruki alicheka kwenye kiti chake.

"Mwanangu, jiwe limezaliwa baharini, limekulia baharini. Chumvi italifanya nini?"

Ilionekana hoja isiyo na jibu. Hasina naye aliikubali.

Baada ya chokaa kulala wiki mbili shimoni, waliishindilia. Siku tatu jiko lilikuwa kama nyumba ya harusi. Walijipanga kando ya meza, virungu mikononi, wakipiga pamoja, na Bi Mwanahija, aliyesema amekuja kutazama tu, ndiye aliyeanza kuimba:

Lala, sakafu, tulia,
mgeni wako njiani;
mbata aende kwa mbata,
kitumbua ni mezani.

Mzee Mkadam alipita dirishani, akasikia jina la mbata, akasimama. Alisikiliza ubeti wote, akatikisa kichwa, akaondoka akiufuata mdundo kwa fimbo yake. Siku ya nne Mabruki aliinuka kwenye kiti. Alisema wanawake wanaipaka niru kama wanaompaka mtoto dawa ya upele, akampokonya Hasina mwiko, na kwa muda wa saa mbili magoti yake yakasahau kwamba yamekufa. Meza ilitoka nyeupe yenye wekundu kwa mbali, kama ndani ya kombe. Watu walikuja kuitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga, wakisimama mlangoni na kusema mashaallah.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa saba mvua za mchoo zilianza, hewa ikawa nzito. Asubuhi moja Hasina alifungua jiko akaikuta meza inatoka jasho.

Alidhani ni umande. Akaipangusa kwa kitambaa, ikakauka, na ilipokauka ikaota manyoya meupe, laini, kama ukungu wa mkate. Akayapangusa, asubuhi ya pili yakarudi. Siku ya tatu ngozi ya juu ya niru ilianza kumomonyoka pale pale penye manyoya, vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha, na chini yake palionekana pabichi. Kina mama walikuja, wakatazama, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga vizuri. Bimkubwa alibaki, akaketi sakafuni, akasema labda mbata nayo ina haki ya kukaa pazuri. Mabruki alipelekewa habari. Alijibu kwamba anaumwa magoti.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Hasina alisimama mbele ya meza akiwa na kitambaa chenye maji mkononi, akaona banda lake la pwani na kila tone la mvua litakalopita kwenye matundu yake mwaka huu na mwaka ujao. Akaona pia kizingiti alipokula mama yake.

Mzee Mkadam aliingia wakati huo huo. Pengine alikuja kupima mahali pa kupanga magunia, ingawa hakusema. Aliiangalia meza kwa muda, akainama na mwili wake mkubwa, akapitisha kidole juu ya manyoya yale meupe, na kwa sababu alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu asikionje, akakilamba.

"Hasina," alisema kwa sauti yake ndogo, "meza yako imekolea."

Bimkubwa alikasirika kwa niaba ya shoga yake. Lakini Hasina hakukasirika. Alipitisha kidole chake mwenyewe, akaonja, akafumba macho. Ladha ile aliijua. Haikuwa chumvi ya dukani wala ya maji ya bahari yenyewe. Ilikuwa ile inayobaki nyuma ya ulimi, ya chai ya bamvua.

Alianza kuhesabu kwa vidole, nyuma, siku baada ya siku, mpaka akafika siku ya pweza. Walikuwa wametoka miambani. Bahari ilikuwa imetoka mpaka kwenye ukingo wa mwamba, na hiyo haitokei ila mwezi umeandama au umekuwa mpevu. Na kwa mikono yao, kutoka kisima kile kile ambacho hawakuthubutu kupikia uji siku hiyo, wakainywesha chokaa.

"Tumeipikia meza kwa maji tusiyoyanywa," alimwambia Bimkubwa, na akaanza kucheka, na akicheka machozi yalimtoka, yakawa ya namna zote mbili.

Mzee Mkadam aliuliza kama amesema jambo baya. Hasina akamshika mkono, akamwambia hakuna mtu aliyesema jambo zuri kuliko hilo tangu mkutano ule, na kwamba mgahawa ukifunguliwa kitumbua cha kwanza ni chake. Mwenyekiti akatoka akiwa amechanganyikiwa, maana alikuwa ameingia kama mshindi.

Jioni ile Hasina alikwenda kwa Mabruki, safari hii bila vitumbua. Hakumlaumu. Alimweleza tu, naye mzee akasikiliza hadi mwisho, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Jiwe limekulia baharini, ndiyo," alisema. "Lakini lilipita motoni. Lililopita motoni halikumbuki kwao." Kisha akaongeza, taratibu, "Baba yangu alikuwa akituma watu kisima cha mbali. Nilidhani ni ukaidi wa wazee."

Kesho yake asubuhi alikuja jikoni kabla ya wote, na hakuleta kiti.

Walibandua niru yote na sakafu iliyokuwa chini yake, mpaka wakaifikia saruji. Walifungua yale madebe yaliyofungwa, chokaa ikiwa bado kavu na yenye hasira zake. Maji wakayachota kisima cha mkorosho, bahari ikiwa imekufa, na kila ndoo iliyofika ilionjwa na Bi Mwanahija mlangoni, akikunja uso kama mtu wa forodha. Mbili alizirudisha, na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini. Chokaa haikupata wiki mbili za kulala safari hii. Mabruki aliilaza siku nne tu, akiipiga kila asubuhi na jioni kwa mti, akisema kama haitapata usingizi mrefu basi ipate usingizi mzito.

Kilichopungua kilikuwa vigae. Vyungu vilivyovunjika vilikuwa vimekwisha kijiji kizima. Hapo ndipo wanaume walipoanza kulalamika, kwa maana wiki ile vyungu vilikuwa vikianguka ovyo. Mume wa Mize aliapa kwamba chungu chao kilikuwa kizima alipokwenda msikitini, na alipotoka kilikuwa kinuni. Bi Mwanahija alileta chungu chake cha tangu shambani, chenye ufa mdogo mdomoni, akakiweka chini mbele ya wote, akakitazama, akakipiga teke. Alisema kimepika wali wa wengine vya kutosha, sasa nacho kikae juu ya meza.

Siku tatu za virungu zilizofuata zilikuwa na watu wengi kuliko zile za kwanza. Watu wa dago, waliozuiwa na upepo wa kusi wasiende baharini, walisikia ngoma wakaja kuchungulia, na Mabruki hakumwacha mtu achungulie mikono mitupu. Mmoja wao, Matano, mtu wa Kilwa mwenye mabega kama mlango, alipewa kirungu, akapiga nje ya mdundo, akachekwa, akafundishwa, akapiga tena mpaka akaupata. Yeye ndiye aliyeleta makauri makubwa, kumi na mbili, ya madoadoa, alipoambiwa niru husuguliwa kwa mgongo wa kauri. Wakasugua, wanawake ndani, wanaume madirishani wakitania. Makauri yalilia juu ya chokaa kama njiwa. Mwisho wakaipaka mafuta ya nazi, wakaipangusa, wakaipaka tena, siku baada ya siku, na mvua za mchoo zilinyesha, hewa ikawa nzito kama mwanzo, na kila asubuhi Hasina alifungua mlango, akapitisha kidole mezani, akakilamba.

Haikukolea kitu.

Siku ya Bwana Afya, Hasina alichelewa kidogo kwa sababu ya kusuka nywele za binti yake. Alipoingia jikoni alimkuta mama yake peke yake, amefunga kanga kiunoni, amemwaga mchanga juu ya meza, na mkononi ana ndimu iliyokatwa nusu. Hakuwa amechanganyikiwa. Mgeni mkubwa anakuja, meza inasuguliwa. Mkono wake ulijua hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Hasina alivuka jiko kwa hatua mbili akaushika mkono ule. Tone moja tu lilikuwa limedondoka, nalo lilidondoka sakafuni.

"Mama, hii haisuguliwi kwa ndimu. Ndimu inaila chokaa kuliko ilivyoila saruji. Hii inapakwa mafuta tu."

Bi Mwanahija aliitazama meza, akaitazama ndimu.

"Mafuta tu?"

"Mafuta tu."

"Basi hii imezaliwa muungwana," alisema, akaupangusa mchanga kwa upole, kwa ukingo wa kanga.

Abeid alifika saa nne na baiskeli yake. Kijiji kilikuwa madirishani. Aliwaita wote ndugu, pamoja na Bi Mwanahija, aliyemwambia kwamba yeye angeweza kumzaa mama yake, sasa huo undugu umetoka wapi. Kijana akaomba radhi, akamwamkia shikamoo, mambo yakaenda. Hakumwaga maji. Alisema maji ni mepesi, akaomba chai ya rangi, nzito, akaimwaga katikati ya meza, akafungua mfuko wake na kuanza kuandika mambo mengine, taratibu, huku chai ikikaa pale kama kidimbwi na kina mama kumi na wanne wakiikodolea macho. Aliandika kuhusu bomba la moshi. Aliandika kuhusu madirisha, moja moja. Mwisho alichukua kitambaa, akapangusa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Palikuwa peupe kwa wekundu wa mbali, kama pembeni yake.

Alipitisha kiganja kutoka mlangoni mpaka dirishani, akarudi nacho.

"Fomu yangu ina sehemu mbili," alisema. "Saruji, au mbao. Hii niiandike nini?"

Mabruki alikuwa na jibu refu, likaanza na baba yake. Mzee Mkadam akamkatiza kwa sauti yake ndogo, akasema aandike jiwe, kwa sababu yeye mwenyewe ameionja na anaweza kushuhudia. Abeid akaandika jiwe, na pembeni yake akaandika kwamba inafaa.

Mbata ilipata nafasi yake baadaye, kwenye kibanda kilichojengwa nyuma ya ofisi, na kina mama ndio waliokwenda kuipigia sakafu, kwa kuwa Mwenyekiti aliomba na alikuwa na haki ya kuomba. Lakini hiyo ilikuwa baada ya mfungo. Siku ile yenyewe hakuna aliyesubiri. Moto uliwashwa, kikaango kikawekwa, na kitumbua cha kwanza kikapelekwa kwa Mzee Mkadam kwenye kisahani. Alikiuma, akatafuna, akatafakari, akasema kimepungua chumvi. Bimkubwa alimfukuza kwa upawa mpaka uani.

Matano na wenzake wa dago walijaa upande wa dirishani, wamesimama, wakinywa chai na kugombea vya moto. Hasina aligeuza vitumbua kwa kijiti bila kuinua macho, na nje mvua ikaanza kupiga bati, kwanza nyepesi, halafu ya kweli. Akainua kichwa kuisikiliza. Ilikuwa kelele tu. Moto haukuwa na habari nayo.

Alipogeuka kuchukua unga zaidi, alimwona mama yake. Bi Mwanahija alikuwa amevuta kigoda kirefu mpaka penye meza, kikombe mbele yake, kitumbua kimoja kimeumwa nusu juu ya sahani. Viwiko vyote viwili alikuwa ameviweka mezani, kidevu juu ya viganja, akiwatazama wavuvi wanavyokula.

"Mama, chai yako inapoa," Hasina alimwambia.

"Iache ipoe," alisema Bi Mwanahija. "Sina haraka."